Mtulinga Uliokataa Kukaa

Amani iwe nanyi nyote, mliotoka jirani, mliotembea kutoka Tunduma, na ninyi jamaa zetu wa ng'ambo ya mpaka mliolala njiani ili muwe nasi kanisani leo. Mwenyekiti wetu ameniambia nisimame hapa mbele ya meza, nisitembee-tembee. Nitajaribu. Lakini wanaonijua wanajua kwamba kwangu mimi kusimama mahali pamoja ni adhabu. Hata nikiwa ninasali, mguu mmoja huwa umeshatangulia nyumbani kuangalia chungu. Kwa hiyo mkiniona nimefika kule dirishani msishangae, nitarudi.

Nasema Kiswahili ili tusikilizane wote, maana naona Wanyiha, naona Wanamwanga wenzangu, naona na Walambya kutoka kule Mbebe. Kiswahili changu ni cha kujifunzia ukubwani, mtanivumilia. Na sitataja jina la mtu. Wengine wamo humu humu ndani na wameshaanza kunikonyeza.

Kabla sijaanza, naomba kila mmoja aweke kidole hapa, chini ya koo, kwenye kale kashimo. Sasa sogeza kidole kidogo upande wa kulia. Umegusa mfupa? Huo ndio mtulinga. Inua bega. Mnausikia ukicheza chini ya kidole? Basi hapo ndipo mtulinga unapokutana na kidari. Daktari aliniambia kwamba mkono mzima, mkono unaolima, unaotwanga, unaobeba mtoto, umeungana na mifupa ya kifua pale tu, mahali padogo hivyo. Kwingine kote ni nyama inayoshikilia. Nilipoambiwa hivyo sikuamini, nilidhani mkono wa mtu umeshikwa na kitu kikubwa zaidi. Haya, toeni vidole, msije mkajiumiza kwa ajili yangu.

Mimi niliolewa huku Mbozi nikitokea upande wa Tunduma. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, mume wangu alivuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba, kama walivyokwenda vijana wengi wa siku zile. Akaniacha kwa wazazi wake. Baba mkwe alikuwa mtu wa maneno machache. Mama mkwe, yeye alikuwa na maneno yake pamoja na yale ambayo mumewe hakuyatumia. Mimi nilikuwa mgeni, sijakijua vizuri Kinyiha, na nilitaka sana kupendwa. Nataka mlikumbuke hilo, kwa sababu balaa lote lilianzia hapo, kwenye kutaka kupendwa pamoja na haraka zangu.

Mama mkwe alikuwa na mtungi mkubwa wa maji, alioletewa na dada zake alipoolewa. Watu wote nyumbani tulichota maji kwa mitungi midogo. Ule mkubwa aliubeba yeye peke yake. Asubuhi moja ya masika aliamka na homa, nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nilimwacha mtoto amelala kando yake, nikauchukua ule mtungi nikashuka bondeni, nikiwaza kwamba nitaleta kwa safari moja maji ambayo wengine huyaleta kwa safari kadhaa, na mama mkwe atasema, kumbe nimepata mkwe.

Mnaijua njia ya kupanda kutoka mtoni ule udongo mwekundu ukishalowa. Mguu uliteleza. Mtu mwenye akili angeuachia mtungi ajishike kwenye majani. Mimi niliukumbatia. Niliukumbatia kwa mikono yote miwili mpaka chini, nikaangukia bega la kulia, na nikasikia kitu kimelia hapa chini ya koo, kwa! Nikabaki nimelala kwenye matope, maji yamenilowesha mwili mzima, na mtungi nimeupakata. Haukupasuka, ndugu zangu. Haukupata hata ufa. Mfupa wangu ndio uliotoka.

Watu waliposikia kelele walikuja, na mama mkwe na homa yake akaja. Nawaambieni ukweli, aliangalia mtungi kwanza. Mama, usinitazame hivyo, nimesema sitataja jina.

Lakini alipomaliza kuuangalia mtungi akaniangalia mimi, na uso wake ukabadilika. Hapa palikuwa pamevimba nundu, mfupa umechungulia mbele, unaonekana hata kwa mtu aliye mbali. Alinipeleka ndani akanipaka mafuta ya mbarika, akausukuma kwa kidole gumba. Ukarudi. Tukafurahi. Nikanyoosha mkono kupokea uji, kwa! Ukatoka tena.

Ikawa ndiyo kazi. Unasukumwa unarudi, nainua mkono unatoka. Majirani wakaja kutazama. "Hebu tuone." Na mimi nilivyo, siwezi kukaa bure wageni wakinitazama, nikawa nawaonyesha. Nainua mkono, kwa, wanashika midomo. Nainua tena. Wanawake walikuwa wakitoka mbali kuja kuona mfupa unaolia. Maumivu yalikuwepo, tena makali, lakini kicheko cha watu kilinifanya niyasahau kidogo. Sikujua kwamba kila ukitoka unazidi kujilegezea mlango.

Tukamwita mganga wa mifupa. Huyo mzee amefunga miguu ya watu wengi huku, na wanatembea. Alinipapasa kwa upole, akanung'unika, akanipapasa tena. "Mguu ukivunjika naufunga kwenye vijiti," akasema. "Mkono naufunga kwenye vijiti. Huu nitaufunga kwenye nini, kwenye shingo yake? Mpelekeni misheni." Namshukuru mpaka leo kwa kusema hivyo. Angeweza kunichanja chale akanipaka dawa nyeusi na kuniacha na matumaini.

Lakini kilichonipeleka misheni si maneno ya mganga, ni mwanangu. Alikuwa ameshaanza kukaa, na kila akiniona ananyoosha mikono nimbebe. Nikijaribu kumwinua, mfupa unatoka na mkono unakufa ganzi, namrudisha chini upesi kabla sijamwangusha. Basi akawa anabebwa na mama mkwe. Nilikuwa namnyonyesha akiwekwa mapajani, akishiba anachukuliwa anawekwa mgongoni kwa mtu mwingine, anasinzia huko. Niliona wivu mbaya. Nilikuwa nazunguka uani kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia, napanga kuni zilizokwisha kupangwa, nafagia palipofagiliwa, kwa mkono mmoja. Swali langu lilikuwa moja tu: huyu mtoto nitakuja kumbeba au sitambeba?

Nikaenda misheni pamoja na wifi yangu. Daktari alikuwa Mzungu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kimenyooka kuliko changu. Alinilaza chali juu ya meza, akaviringisha blanketi akaliweka katikati ya mabega yangu, mgongoni. Dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda, akaushika mkono wangu akauvuta kwa upande, taratibu, huku daktari akiubonyeza mfupa. Niliuma kitambaa. Kisha nikasikia umeingia, na maumivu yakapungua pale pale. Nikacheka. Daktari hakucheka. Akamwambia dresa aachie mkono, na mfupa ukatoka tena kama mtu aliyesahau kitu nje.

Akanieleza. Akasema mfupa ule hauna shimo la maana la kukalia, kinachoushika ni kano, na kano zangu zimechanika. Nikamuuliza, "Huwezi kupasua ukazishona?" Akaweka kidole chake hapa akasema, "Nyuma ya mfupa huu kuna njia ya hewa na mishipa mikubwa ya damu. Kupasua hapa ni kwa mtu ambaye hana njia nyingine kabisa. Wewe unayo."

"Njia gani?"

"Kukaa," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia. Atanifunga bendeji, na mimi nikae, kano zishikane zenyewe. Nisilime, nisitwange, nisichote maji, nisibebe mtoto, nisiinue mkono hata kufukuza inzi, mpaka mwezi uandame na kuandama tena. Wifi yangu akaanza kunicheka, "Huyu? Akae?" Daktari akatutazama sote wawili, hakuelewa kinachochekesha.

Bendeji ile ilipita chini ya makwapa yote mawili ikakutana mgongoni, ikavuta mabega nyuma, nikawa natembea kifua mbele kama askari wa Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya wa Kizungu. Juu yake akaning'iniza mkono kwa kitambaa, akaubana kifuani, akafunga fundo hapa ubavuni. Akanitajia tena yote niliyokatazwa. Makofi hakuyataja. Angejuaje? Na mimi sikumuuliza, kwa sababu hata mimi sikuyakumbuka.

Ninyi wa huku mnajua ninachotaka kusema, lakini kuna wageni. Kwetu mwanamke hamsalimu mkubwa akiwa amesimama. Unachuchumaa, unakutanisha viganja, unapiga makofi polepole, yale ya sauti nzito, na maneno ya salamu yanakwenda pamoja na makofi. Unamsalimu hivyo baba mkwe, mama mkwe, na jamaa wote wa mume wanaokuzidi umri. Bila makofi, maneno peke yake ni kama umepishana na mtu njiani ukiwa na haraka. Na anayetazamwa zaidi ni mke aliyeolewa kutoka mbali, kwamba huyu kwao walimfundisha au walimtupa tu.

Asubuhi ya kwanza nilimkuta baba mkwe ameketi nje kwenye jua. Nikachuchumaa. Mkono wa kulia umefungwa, nikapiga paja kwa mkono wa kushoto. Pa, pa. Akaitikia. Lakini aliutazama ule mkono chini ya kitambaa, kisha akatazama pembeni. Basi tu, ndugu zangu, hakufanya kitu kingine. Mimi nikaungua. Siku ya pili ya hapo akaja mama mmoja wa jamaa, nikampigia paja vilevile, nikamsikia akiwaambia wenzake huko nje, "Mke wa mwenetu anatusalimu kama anafukuza kuku."

Kesho yake, kabla sijamwendea baba mkwe, nilishika lile fundo la ubavuni nikalifungua. Nikatoa mkono, nikachuchumaa, nikapiga makofi vizuri, nikarudi ndani nikajifunga tena kwa mkono wa kushoto na meno. Ilikuwa kidogo tu. Mfupa ulisogea kidogo tu. Nikajiambia hakuna tatizo.

Lakini ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa, na nyumba ile ilikuwa njiani. Watu wanapita asubuhi, wanapita mchana, wanapita jioni. Huyu ni baba mdogo, yule ni bibi, yule ni mke wa mjomba. Fungua, piga makofi, funga. Fungua, piga makofi, funga. Watu wakasema, kumbe ana adabu. Nikasikia raha. Na kila jioni sehemu hii ilikuwa inawaka moto, na nikipumua kwa nguvu nausikia mfupa unachungulia.

Siku niliyoambiwa nirudi misheni nilirudi. Daktari hakugusa mfupa kwanza. Alilitazama fundo, akalishika kwa vidole viwili. "Hili si langu," akasema.

Nikasema limelegea lenyewe.

Hakunigombeza. Aliifungua bendeji, akaweka kiganja hapa, akaniambia nivute pumzi. Mfupa ukatoka kwa pumzi tu. Akavuta kiti akaketi mbele yangu, na hapo nikaogopa, kwa maana daktari anayesimama ana kazi nyingine ya kwenda kufanya, anayeketi ana habari mbaya. Akasema, "Mama, zile kano zilikuwa zimeanza kushikana, zimeachana tena. Tutaanza upya. Lakini sikufichi. Zikiendelea kufunguliwa hivi, zitazoea, na mfupa huu utakuwa unatoka maisha yako yote. Mkono huu utakuwa wa kushikia kikombe." Kisha akauliza, "Mtoto wako ameanza kutembea?"

"Bado."

"Basi bado anakuhitaji umbebe. Kakae."

Nililia njia nzima ya kurudi. Wifi yangu, ambaye hajui kunyamaza, siku ile alinyamaza. Nilikuwa naona mambo mawili na sioni pa kupita katikati. Nikilifungua fundo, napoteza mkono. Nisipolifungua, kila mtu atakayepita pale atakwenda na habari kwamba mwanamke wa Tunduma ana dharau. Mnaocheka, mnacheka kwa sababu hamjawahi kukaa ugenini mume akiwa mbali.

Nilipofika nilimweleza mama mkwe yote, kwa mara ya kwanza. Nilimwambia habari ya fundo, ya baba mkwe, na ya yule mama aliyesema nafukuza kuku. Alikuwa anachekecha unga. Aliendelea kuchekecha muda mrefu.

"Kwa hiyo sisi ndio tunaokufungua," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na mdomo wako, wote huo, ulishindwa kuniambia?"

 Aliniwekea kigoda mlangoni pa jiko, akanipa ungo wa maharage nichambue kwa mkono wa kushoto, na yeye akawa anapita na kunitazama. Nawaambia, kukaa ni kazi ngumu. Heri kulima. Mwili ulikuwa umekaa na mimi sikukaa. Mguu wangu ulichimba kwa kisigino mpaka pale mlangoni pakawa na shimo, kuku wakawa wanakuja kuogea vumbi humo. Nilichambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. Nilikuwa nasikia mtoto analia nyuma ya nyumba, nanyanyuka, sauti ya mama mkwe inatoka jikoni bila yeye mwenyewe kuonekana: "Nimesikia kigoda kimelia!" Narudi nakaa. Na watu wakija kunisalimu, najifanya nimesinzia. Siku zilikwenda hivyo, kwa wasiwasi, nikijua kwamba usingizi wa mchana hauwezi kunificha siku zote.

Haukunificha. Akaja shangazi wa mume wangu, dada mkubwa wa baba mkwe. Huyo mama kila mtu alimwogopa, hata baba mkwe alikuwa anazima kiko chake akimsikia. Alikuja na jamaa zake, wakaketi uani, na nyumba nzima ikajipanga kwenda kumsalimu, mmoja mmoja. Ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimejiapiza sitafungua fundo. Nikachuchumaa mbele yake. Akanitazama, akatazama kitambaa, akangoja. Uwanja wote ukangoja. Na mkono wangu wa kushoto, kwa hiari yake, bila kuniuliza, ukaenda ubavuni ukashika fundo. Ulishaanza kulivuta.

Nikasikia mtu anatoka jikoni kwa nguvu. Mama mkwe. Mikono yake ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Akaja akachuchumaa kushoto kwangu, bega kwa bega, mama mzima na magoti yake mabovu, akanyoosha kiganja chake cha kulia.

"Lete huo wako," akasema.

Sikuelewa. Akaukamata mkono wangu wa kushoto akautoa kwenye fundo, akaukutanisha na wake. Pa. Unga ukaruka. Tukapiga makofi yale, kiganja changu kimoja na chake kimoja, na yeye akaanza maneno ya salamu, na mimi nikayafuata huku machozi yananitiririka.

Shangazi hakuitikia. Akasema, "Mtindo huu ni wa wapi?"

"Wa hapa kwangu," mama mkwe akamjibu, haachi kupiga. "Mkono wake mmoja uko chini ya daktari. Mimi ninao wa kumwazima. Itikia, wifi, magoti yananiuma."

 Kisha shangazi akaitikia. Aliitikia salamu yote mpaka mwisho, maneno yote yanayompasa mkwe aliyelelewa vizuri, na alipomaliza akatazama wenzake kana kwamba anauliza nani ana la kusema. Hakuna aliyekuwa nalo.

Ndugu zangu, mfupa wangu uliponea pale. Misheni ulifungwa, lakini pale ndipo ulipopata ruhusa ya kukaa.

Kesho yake asubuhi nilimwendea baba mkwe, nikachuchumaa, nikabaki nimeshika mkono wangu mmoja hewani. Yule mzee wa maneno machache akainua sauti, akaita jikoni, "Njoo, mkweo anataka kunisalimu!" Mama mkwe akaja mbio na mwiko mkononi. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Kila anayepita, mama mkwe anaitwa. Uji uliungua mara nyingi kwa ajili ya adabu yangu, na alinitukana kila ulipoungua, na kila alipoitwa alikuja. Baadaye jamaa wenyewe wakazoea. Bibi akifika ananyoosha kiganja chake kwanza. Hata yule aliyesema nafukuza kuku, siku moja alikuja akachuchumaa kando yangu akanipa mkono wake tumsalimu mwingine. Sikumwambia kwamba nilimsikia. Leo amejua.

Mwezi ukaandama, ukaandama tena. Daktari alipoifungua bendeji, fundo lilikuwa lake. Alilitambua, akatabasamu, ndiyo mara ya kwanza nikaona meno yake. Akaniambia nivute pumzi, mfupa ukatulia. Nikaanza mazoezi aliyonipa: kuvuta mabega nyuma, kushusha, kupandisha vidole ukutani kidogo kidogo, kila nilipofika naweka alama ya mkaa. Kisha kibuyu kidogo cha maji, kisha kikubwa zaidi. Nilitaka niruke vyote niende moja kwa moja kwenye mtungi. Mama mkwe aliuhamishia ule mtungi chini ya kitanda chake.

Na siku iliyofika ya kumbeba mwanangu, nilikwenda nikainama, nikampitisha mikono kwapani, nikamwinua. Mfupa haukutoka. Nikamkumbatia hapa, juu ya nundu. Sasa nawaambia kilichotokea. Alikuwa ameshajifunza kutembea wakati nimekaa. Akaanza kupiga mateke, anataka ashushwe, ana safari zake. Mama yake tupu! Nikacheka huku nalia, sikumshusha upesi. Wadogo zake waliofuata niliwabeba mpaka walipochoka wao.

Nundu bado ipo, anayetaka kuiona aje baada ya ibada, ila sitaichezesha tena. Baridi ya huku ikija inauma, na mzigo mzito siuweki bega hili. Daktari aliniambia mapema kwamba itabaki hivyo. Lakini nalima, natwanga, nabeba.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule mganga aliyekubali kusema hajui, na daktari, na dresa aliyeuvuta mkono wangu bila kuung'oa. Namshukuru wifi yangu kwa kunyamaza ile siku moja. Na kama kuna jambo mtaondoka nalo, liwe hili. Hapa katikati yetu kuna watu waliofungwa, mwingine kwa ugonjwa, mwingine kwa msiba, na sisi tunawangoja watusalimu kama zamani. Tunakaa tunawatazama mpaka wanajifungua vidonda vyao ili tusiwaseme vibaya. Usimngoje. Ondoka jikoni na unga wako uende.

Nimebakiza jambo moja, mwenyekiti, na ndiyo maana nasogea kule mlangoni, si kutangatanga. Mama mkwe wangu niliyemsema ameketi pale, mwisho wa benchi. Wengi mmejiuliza mbona haonekani tena kanisani. Kipupwe kilichopita upande wake wa kulia ulilala, mkono haunyanyuki. Leo alfajiri alikataa kuja. Alisema, nitakwenda kukaa mbele za watu niwasalimu na nini? Tumemleta kwa gari la ng'ombe, amenung'unika njia nzima, na tangu nianze kusema ameficha mkono wake chini ya kanga.

Kwetu anayemaliza kusema huwasalimu waliomsikiliza. Basi ngojeni nichuchumae hapa, kushoto kwake. Huu hapa mkono wangu wa kulia, ule ule, uko mzima.

Mama, lete huo wako.